Siku Niliyomtoa Mama Mkwe Uwanjani

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilipenda kuwatoa watu uwanjani. Wako marefa wanaojifanya kwamba jambo hilo huwauma, kwamba hulala wakilifikiria. Mimi halikuniuma hata kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili mjini Migori, mtoto wa Sindo niliyekulia kwenye harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na katika besiboli nilikuwa nimepata kitu ambacho darasani sikuwa nacho. Ninainua mkono, ninasema neno moja, na mtu mzima mwenye tai anachukua koti lake na kuondoka.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgeni kwetu miaka ile ya tisini. Walimu wachache tulikuwa tumepelekwa Kisumu kwa semina ya juma moja, tukarudi na kitabu cha sheria kilichopigwa fotokopi hadi herufi zimefifia, glavu zisizotosha timu mbili, na ari ya ajabu. Fundi seremala wa Rongo alituchongea magongo. Besi, zile alama nne ambazo mkimbiaji huzigusa akizunguka uwanja, tulizikata kutoka kwenye matairi ya lori. Chokaa ilipoisha tulichora mistari kwa majivu ya jiko la shule, na mvua ikinyesha tunachora upya. Barakoa ya kujikinga uso nilichomelewa na fundi wa jua kali nyuma ya soko, nyaya nene za kutosha kufugia kuku, na nilipoivaa nilijiona mtu mwingine kabisa.

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma yao anasimama refa, tuliyemwita ampaya, anaamua kama mpira ulipita mahali pa haki au haukupita. Anaamua hivyo zaidi ya mara mia kwa mchezo mmoja, na kila uamuzi unamuudhi mtu. Ndiyo maana makocha huchorewa mstari wao pembeni. Kocha anaruhusiwa kupiga kelele za kuwatia vijana wake moyo akiwa nyuma ya mstari ule. Akiuvuka kuja kubishana nawe kuhusu mpira uliokwisha kupita, unaweza kumtoa, na akitolewa anapaswa kwenda mahali ambapo wachezaji hawamwoni wala kumsikia.

Wenzangu walikuwa na huruma nyingi. Huyu anaonya mara moja, yule mara mbili, mwingine anamvuta kocha kando na kumwomba kama anayekopa chumvi. Mimi nilisema onyo ni mstari wenyewe. Mtu mzima ameuona, ameambiwa, majivu yamemkaa kwenye viatu, sasa nimwonye nini tena? Nilikuwa na sera moja tu, kosa la kwanza unatoka, na nilijivunia sana sera hiyo kila mahali nilipokaribishwa chai.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nimechumbia. Mchumba wangu alikuwa muuguzi, msichana mcheshi mwenye majibu ya haraka, na kwao kulikuwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Wazee wa pande zote walikuwa wamekutana na kuelewana. Lililobaki lilikuwa ile siku tunayoiita ayie, ambapo mama wa msichana anaulizwa mbele ya watu kama amekubali. Hapo baba hana neno, wajomba hawana neno, ni mama peke yake. Akikataa, au akinyamaza tu, mnakunja mikeka mnarudi mlikotoka. Siku yetu ilikuwa imepangwa Jumamosi baada ya mashindano ya besiboli.

Na mama yule alikuwa kocha.

Alikuwa mwalimu wa shule moja ya huko Homa Bay, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Shuleni kwake hakuna mwalimu mwanamume aliyetaka kuhangaika na mchezo wa magongo na matairi, akauchukua yeye. Alikuwa amekariri kitabu cha sheria kuliko sisi tuliokwenda semina. Wavulana wake walimwogopa na kumpenda, na walikuwa wazuri, wazuri kweli, hasa mrushaji wao, kijana wa kidato cha tatu mwenye mkono mrefu ambaye mpira wake ulikuwa unaimba ukipita.

Nilipoona kwenye ratiba kwamba timu yake inakuja Migori, niliomba nisipangwe kwenye mchezo wake wowote. Wakanikubalia. Asubuhi ya siku yenyewe ampaya mwenzangu alilala na malaria, na mashindano yote yakaniangukia mimi. Mchumba wangu alinitumia salamu fupi kupitia kwa rafiki yake: nisije nikampigia mamake kelele. Nilijibu kwamba hakuna atakayempigia mwenzake kelele, sote ni walimu.

Nusu fainali ya kwanza ilichezwa saa tatu. Kulikuwa na timu kutoka upande wa Isebania, vijana wa Kikuria wenye mabega mapana, na kocha wao alikuwa kijana wa rika langu, mpole kwa kawaida. Katika zamu ya tatu niliamua jambo ambalo hakulipenda, akaruka mstari, akapiga hatua nne kuja kwangu na kutupa kofia yake chini. Sikungoja afungue mdomo. Mkono wangu ulikuwa juu kabla kofia haijatulia. Uwanja mzima uliguna, na yeye akaiokota kofia, akaikung'uta vumbi, akaenda kukaa nyuma ya jiko hadi mwisho. Timu yake ilishinda bila yeye. Nilisikia raha hadi kwenye vidole vya miguu.

Kutolewa ni kwa mchezo mmoja tu, kwa hiyo kwenye fainali ya alasiri kijana yule alirudi, akasimama nyuma ya mstari wake amekunja mikono. Upande wa pili, timu yake ikiwa imeshinda nusu fainali ya pili kirahisi bila yeye kuvuka mstari, akiwa na mwavuli na mkoba mweusi, alisimama mama mkwe wangu.

Inabidi nieleze jinsi tunavyoishi na mama wa mke kwetu, maana bila hilo kilichofuata hakina maana. Maro, kama tunavyomwita kwa Kijaluo, humpi mkono. Huli naye meza moja. Humtazami machoni. Mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha, hata kama njia ni pana ya kupita trekta, na akisogea upande wako unasogea nyuma ili nafasi kati yenu isipungue. Hakuna aliyenifundisha mambo haya kwa maneno, nilikua nikiyaona. Hata kabla ya ayie unaanza kuyashika, kwa sababu hakuna anayetaka kusikia kwamba mkwe fulani hana adabu na hata ng'ombe wa mahari bado hawajazoea boma.

Zamu ya pili, mpira wa mrushaji wake ulipita chini kidogo ya goti. Nikasema haukuwa wa haki. Nikamsikia akiita, "Wapi?" Kisha nikaona mwavuli unakuja.

Alikuwa amevuka mstari. Nilijua amevuka, uwanja ulijua, majivu yalikuwa na alama ya kiatu chake. Na mkono wangu, ule mkono uliokuwa na haraka asubuhi, ukaenda wenyewe kichwani na kuvua barakoa, kwa heshima. Alipokuwa hatua kumi kutoka kwangu nilirudi nyuma hatua moja. Akaja hatua mbili, nikarudi mbili. Alikuwa anaeleza kwa utulivu, kwa Kiswahili chake safi cha darasani, kwamba goti la mpigaji yule liko mahali tofauti na ninapodhani mimi, na mimi nilikuwa natazama nyasi nikiitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Aliporidhika alirudi mahali pake mwenyewe. Watazamaji walicheka kidogo. Nilijiambia si kitu.

Lakini nilipogeuka, niliona kocha wa Isebania ananitazama. Aliinamisha kichwa akautazama mstari wa majivu mbele ya viatu vyake, kisha akanitazama tena.

Zamu ya nne alikuja tena, na safari hii mambo yaliharibika. Mkimbiaji wake aliteleza kwenye besi ya pili, nikaamua kwamba yuko nje, zamu yake imekwisha, na mama akaondoka mahali pake kama aliyeitwa na kengele. Nilianza kurudi nyuma mapema ili tusikaribiane. Yeye akaongeza mwendo. Nikapita besi ya kwanza kinyumenyume, barakoa mkononi, yeye nyuma ya mwavuli wake akidai nimweleze kitabu kinasema nini ukurasa wa ngapi, na mimi nikikubali kila kitu huku miguu inatafuta njia. Nilijikwaa kwenye besi nikakaa chini. Mama alifika akasimama mbele yangu, nami nilibaki hapohapo chini, kwa sababu kuinuka kungenisogeza kwake. Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Wanafunzi wangu wa hisabati, Mungu wangu, walikuwa wanalia kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimewaka kwa aibu na hasira, na zaidi ya vyote niliamini anafanya makusudi. Niliamini amegundua kwamba uwanja mzima una mtu mmoja ambaye ampaya hawezi kumzuia, na anatumia nafasi hiyo.

Kitu nilichokiona lakini sikukifikiria ni mrushaji wake. Kila mama alipovuka, kijana alisimama peke yake katikati ya uwanja akingoja, mpira mkononi, jua kichwani. Baada ya zamu ya pili alirusha mipira minne mibovu mfululizo. Baada ya zamu ya nne alimpiga mpigaji ubavuni, bila kukusudia, na macho yake yakaanza kutafuta pembeni kabla ya kila mpira ili aone kama mwalimu wake anakuja. Walikuwa wanaongoza kwa pointi tatu. Wakawa sawa.

Zamu ya sita, vijana wa Isebania wakiwa kwenye besi ya pili na ya tatu, kijana alirusha mpira uliopita nje kidogo. Nikasema si wa haki. Mama hakuita safari hii. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye besi ya nyumbani, ile ya tairi, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akafungua mwavuli, akasimama. Alisema kwamba mchezo hautaendelea hadi nikubali kwamba mpira ule ulipita juu ya pale aliposimama.

Kwa kurudi nyuma nilikuwa nimeshafika karibu na ua wa minyaa ukingoni mwa uwanja. Mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, alikaa chini akavua glavu. Hakuna aliyecheka tena, maana jambo lilikuwa limekuwa refu, na vijana wa Isebania walianza kunong'onezana kwa Kikuria. Nikajua wanachosema bila kuijua lugha. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri nyuma ya lori ili wachezeshwe na mkwe wa wapinzani wao. Ndipo kocha wao aliposema, sauti ya kawaida, vidole vya viatu vyake nyuma kabisa ya mstari:

"Refa, mimi asubuhi nilivuka hii laini mara moja tu."

Basi. Na mimi sijawahi kupigwa na maneno namna ile. Niliona Jumamosi yote mbele yangu, mikeka, wazee, mama akinyamaza. Nilimwona mchumba wangu. Nikaona pia kwamba nikiutazama uso wa mama yule nitashindwa, na hapo ndipo nilipofanya kitu kilichoniokoa. Nilivaa barakoa.

Nilitembea kuelekea kwake badala ya kurudi nyuma. Watu walishika vinywa. Hatua ya tano mguu ulikataa, nikaulazimisha. Nilisimama mbele yake karibu kuliko mkwe yeyote anavyopaswa kusimama, nikamtazama usoni kupitia nyaya.

"Mwalimu, umetolewa. Tafadhali ondoka uwanjani."

Alinitazama. "Umeniita nani?"

"Mwalimu."

Sikuinua mkono. Huo mkono sikuweza, hadi leo najua nisingeweza. Nadhani kama ningeuinua wazee wangenitafutia mke Tanzania. Alibaki juu ya tairi muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha akafunga mwavuli, akachukua mkoba wake kwa nahodha wa timu, akapita nyuma ya jiko na kuendelea hadi barabarani, mahali ambapo hakuna mchezaji angeweza kumwona wala kumsikia. Sheria aliijua vizuri.

Mchezo uliendelea na ulikuwa mkali ajabu. Bila yeye, mrushaji alivuta pumzi, akainua bega, na mpira ukaanza kuimba tena. Alimtoa mpigaji mmoja, akamtoa wa pili. Uwanja ulisimama wote. Lakini mkono ulikuwa umechoka kwa mipira yote ile iliyopotea, na wa tatu akaupiga ukaenda mbali hadi kwenye mashamba ya mahindi, na vijana wa Isebania wakakimbia wakipiga mbinja. Walishinda kwa pointi mbili. Waliimba wakizunguka uwanja, wakambeba kocha wao, na mimi, niseme tu, nilitetemeka kwa furaha. Nilikuwa nimeweza! Nilijihisi ndiye ampaya pekee wa kweli kutoka ziwani hadi mpakani.

Furaha ilikaa hadi jioni. Habari ilinitangulia Sindo. Mjomba wangu, aliyekuwa aongoze msafara wetu, aliniuliza kama kweli nilimfukuza mama mkwe mbele ya watoto. Nilimweleza sheria. Akasema yeye hajauliza sheria. Shangazi zangu walitaka nitume mtu akaombe radhi kabla ya Jumamosi, wengine wakasema nikituma mtu nitakuwa nimekubali kosa. Mchumba wangu tulipoonana alicheka hadi akafuta machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Aliniambia mamake hajataja mchezo ule tangu arudi. Alikuwa anapika, anasahihisha madaftari, anaimba kanisani, na kimya.

Jumamosi tulikwenda. Tulipokelewa vizuri, jambo lililonitisha zaidi. Tulikaa sebuleni, wazee mbele, mimi pembeni nikitazama sakafu ya saruji, na mama mkwe alikuwa na wanawake wenzake kwenye chumba cha ndani, nyuma ya pazia la maua. Mchumba wangu alikuwa humo pia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi. Niliyapanga usiku kucha: kwamba kazi ni kazi, kwamba sikumtoa yeye, nilimtoa kocha, kwamba nilipomwita mwalimu nilikuwa nalinda jina la mama lisiguswe. Maneno mazuri, nilikuwa nimeyapenda.

Wakati ulipofika, shangazi wa msichana alisimama karibu na pazia na kuuliza kama mama amekubali. Kimya. Nilisikia kuku nje. Mjomba wangu alijikohoza. Kisha sauti ikatoka ndani, ileile, safi.

"Kwanza aulizwe. Mimi alinitoa kwa kosa la ngapi?"

Shangazi alinirudia swali ingawa kila mtu alikuwa amelisikia. Nilijibu kwamba kwa la tatu.

"Na yule kijana wa Isebania?"

Nikasema kwa la kwanza.

"Haya. Wavulana wangu walicheza zamu nne na kocha aliyepaswa kuwa ameshatoka. Kila nikivuka ile laini, mkono wa mtoto wangu ulikuwa unaharibika. Nilikuwa naona. Nilikuwa naona na nashindwa kujizuia, mimi hasira zangu nazijua. Nilikuwa nangoja huyu anizuie. Ile kazi ilikuwa yake."

Maneno yangu mazuri yote yaliniisha. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa kumtoa, nikiwa na uhakika kwamba hilo ndilo jambo kubwa nililowahi kufanya. Ile adabu yangu yote, kule kurudi nyuma na kuvua barakoa, nilikuwa nimeilipia kwa mchezo wa vijana wake, na hakuna aliyeniona nikifanya hivyo isipokuwa yeye.

Nilimwomba shangazi amwambie nimekosa. Nilichelewa kumtoa.

Ndani walinong'ona. Nilimsikia mchumba wangu akisema kitu na mamake akimwambia anyamaze. Kisha shangazi akatokeza uso kwenye pazia akitabasamu, akatangaza kwamba mama amekubali, na wanawake wakapiga vigelegele hadi mjomba akasahau kujifanya mkali. Katikati ya kelele hizo sauti ya mama ilipanda tena, na wote wakanyamaza ili wamsikie.

"Mwambieni pia muhula ujao nakuja na timu nzuri kuliko ile. Nikivuka laini, asinisubiri."